Barua ya wazi kwa walionunua mfumo bila kufika mwaloni

Mwanza

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Meneja wa TEHAMA,
na Wajumbe wa Kamati ya Manunuzi.

YAH: MFUMO WA KUPOKELEA SAMAKI, NA FEDHA ZA KARANI ZILIZOKATWA KWENYE MSHAHARA

Waheshimiwa,

Shikamooni. Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni yule kijana wa kompyuta, ingawa ujana wenyewe umeshaanza kuniaga. Jina la taasisi silitaji. Wahusika mnajijua, na asiyehusika akijiona humu ndani, basi barua ni yake pia. Naandika hadharani kwa sababu njia za ndani zimeniishia. Barua ya kwanza niliileta kwa mkono, ikagongwa muhuri wa "Imepokelewa", na mpaka leo muhuri huo ndio jibu pekee nililonalo. Barua pepe mbili hazikujibiwa. Kikao kikapangwa, kikaahirishwa kwa kuwa mshauri wenu wa mfumo alikuwa safarini, kisha kikafanyika siku ambayo mimi nilikuwa Ukerewe natengeneza simu za makarani. Muhtasari wa kikao hicho unasema "mtaalamu hakuwa na hoja".

Hoja ninazo.

Kwa msomaji asiyetujua: taasisi hii inapokea samaki na dagaa kwenye mialo kadhaa, yaani fukwe za kushushia samaki, ya Ziwa Victoria, kuanzia pande za Kirumba hadi visiwani. Mtumbwi ukifika, karani anapima, anaandika stakabadhi, anapokea ada ya mzani. Asubuhi anakabidhi fedha na daftari. Kwa miaka minne kazi hiyo ilifanywa na programu niliyoiandika kwa lugha ya kompyuta ya PHP, ikikaa kwenye kompyuta mpakato ya mtumba. Mwaka jana mkaleta mfumo mpya, wa kisasa, unaokaa kwenye wingu, yaani kwenye seva, kompyuta ya mbali inayofikiwa kwa mtandao. Ulipotambulishwa nilikuwepo ukumbini. Grafu zilipita ukutani kwa rangi saba, wajumbe wakapiga makofi, tukala sambusa. Karani hata mmoja hakualikwa, maana walikuwa kazini.

1. Saa ya mfumo si saa ya Mwanza.

Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa hiyo mnivumilie nikilieleza kwa urefu.

Seva nyingi duniani hutunza muda kwa saa ya kimataifa, UTC, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Hapo hakuna kosa, hata mimi hutunza hivyo. Kosa linaanza pale mfumo unapofunga hesabu ya siku kwa saa hiyohiyo bila kuirudisha kwetu. Usiku wa manane wa seva ni saa tisa usiku hapa. Maana yake mtumbwi ukifika saa nane usiku wa kuamkia Jumatano, mfumo unaandika Jumanne. Ukifika saa tisa na nusu, Jumatano. Mitumbwi miwili iliyovua pamoja, taa zao zikionana, mfumo unaipa siku mbili tofauti.

Karani hajui habari za UTC. Anajua zamu yake. Anafunga daftari alfajiri, anahesabu noti zenye magamba, anakabidhi. Mhasibu naye anafungua ripoti ya siku na kulinganisha. Siku ambayo mitumbwi mingi ya usiku unaofuata imerudishwa nyuma na mfumo, ripoti inaonyesha makusanyo makubwa kuliko fedha zilizokabidhiwa. Hiyo inaitwa upungufu. Siku nyingine inakuwa kinyume, fedha zinazidi ripoti. Hiyo inaitwa ziada, na ziada haijawahi kumuudhi mtu. Upungufu ukakatwa kwenye mshahara, ziada ikakaa kimya mfukoni mwa taasisi.

Karani wetu mmoja, mama wa makamo ambaye sisi sote humwita Mayu, amekatwa miezi mitatu mfululizo, jumla Sh 186,500. Nilimkuta mwaloni siku moja, jua halijachomoza. Nikamwamkia, "Mwangaluka, Mayu." Akaitikia bila kuinua uso, kidole kikiwa kwenye mstari wa daftari. Alikuwa anajumlisha kwa mara ya nne. Akaniuliza, "Mwanangu, hivi mimi nimeanza kuzeeka? Kujumlisha kumenishinda?" Daftari lake nililipitia lote. Hakukosea hata shilingi. Usiku huohuo nikapanga upya stakabadhi zake zote kwa saa ya Afrika Mashariki, na "upungufu" ukapotea wote. Jedwali hilo lilikuwa kiambatisho cha barua yangu ya kwanza, ile yenye muhuri.

Kurekebisha kosa hili ni mstari mmoja wa programu. Mmoja! Mwenye mfumo, yaani aliyewauzia, amejibu kwamba ni "badiliko la mahitaji" na ametoa ankara.

Hapohapo kuna kisanduku cha kujaza saa mtumbwi ulipofika. Mvuvi anasema "saa kumi na moja", karani mgeni anaandika 11, mfumo unasoma saa tano asubuhi. Aliyewahi kumwelekeza mgeni wakati wa kupanda meli ya Nansio angeliona kosa hili kabla halijatokea.

Na lipo la mwezi. Mshauri wenu alitazama grafu ya dagaa, akaona makusanyo yanashuka kila baada ya wiki nne hivi, akaandika kwenye ripoti kwamba kuna "dalili ya ubadhirifu wa mzunguko". Waheshimiwa, huo ni mwezi. Ule wa angani. Dagaa wanavuliwa kwenye giza, wanavutwa kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi, na wavuvi wengi wanavuta mitumbwi mchangani, wanashona nyavu, wanakwenda nyumbani kuona watoto. Mtoto yeyote wa Igombe angemweleza hayo bure, bila posho ya kikao.

2. Mfumo usioweza kuandika bila mtandao.

Karani akibonyeza kitufe, simu inakwenda kuuliza seva. Mtandao ukisumbua, kiduara kinazunguka. Mvuvi amesimama, dagaa wanalainika kwenye ndoo, mchuuzi anapandisha sauti, kiduara kinazunguka. Mwishowe karani anaandika kwenye karatasi na kuingiza mchana, na akiingiza mchana mfumo unaandika kwamba mtumbwi ulifika mchana. Rudini namba 1.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na nchi yetu ikawa kati ya zilizoumia zaidi. Intaneti ilichechemea kwa siku kadhaa. Programu yangu ya zamani haikujua hata kama kuna jambo limetokea. Siku hizohizo watu waliendelea kupiga nyota na namba na alama ya reli kwenye vitochi vyao, wakatuma hela na kupokea, kwa sababu huduma ile inapita kwenye njia ya simu yenyewe, haihitaji bando.

Dawa yake ni ya zamani na haina gharama. Andika kwanza kwenye simu, peleka seva baadaye. Ndani ya kila simu ya Android tayari kuna hifadhidata inaitwa SQLite, iliyotoka mwaka 2000. Historia yake inafanana na yetu. D. Richard Hipp alikuwa anaandika programu ya kutumika kwenye manowari ya jeshi la majini la Marekani, na kila hifadhidata kubwa ilipozimika, programu yake ndiyo iliyoonekana mbovu, kwa vile ndiyo iliyotoa ujumbe wa kushindwa kuunganishwa na seva. Akajiuliza kwa nini programu ya chombo cha majini itegemee seva ya pembeni. Akaandika hifadhidata inayokaa kwenye faili moja, ikasimama yenyewe, akaitoa bure kabisa, na watunzaji wake wameahidi kuihudumia hadi mwaka 2050. Kama manowari iliona shida hiyo, mtumbwi wa Ukara utakosaje kuiona?

Najua swali linalofuata, mshauri aliliuliza kwa sauti ya ushindi: simu mbili zikiandika bila mtandao, namba za stakabadhi hazitagongana? Hazitagongana. Kila simu inapewa herufi zake na inahesabu yenyewe. Simu ya Mayu ilikuwa K3. Stakabadhi yake ya mwisho kwenye mfumo wa zamani ni K3-004127. Hakuna simu nyingine duniani inayoweza kutoa namba hiyo. Makarani wa reli na wa mabasi walifanya hivyo kwa vitabu vya karatasi kabla mimi sijazaliwa, kila mmoja na kitabu chake chenye namba zake.

3. Kiswahili cha mfumo.

Mlituahidi mfumo wa Kiswahili. Kitufe cha kuhifadhi kimeandikwa "Okoa". Sehemu ya mavuno ya samaki imeandikwa "Kamata", utadhani polisi wako njiani. Na pale karani anapoandika kwamba mtumbwi umefika, kitufe kinasema "Kutua". Mtumbwi unatua? Uwanja wa ndege uko Ilemela, waheshimiwa, na sangara hawashukii huko.

Ni wazi kwamba maneno yalipitishwa kwenye mashine ya kutafsiri na hakuna aliyeyasoma tena. Ningeweza kucheka nikaishia hapo, lakini karani mgeni alikaa wiki nzima hahifadhi kitu kwa kuogopa "Okoa", akidhani ni kitufe cha dharura. Nilikaa na makarani wanne kwa saa moja chini ya mwembe, wakanipa maneno yote arobaini na mawili ya mfumo kwa jinsi wanavyoyasema wenyewe. Orodha ninayo. Haijaombwa.

4. Programu tunayoilipia si yetu.

Hatuna msimbo chanzo, yaani maandishi yenyewe ya programu. Tunachopata ni faili kwa WhatsApp, na la mwisho liliitwa "mfumo_mwisho_kabisa_mpya2". Nikiuliza kilichobadilika kati yake na la kabla yake, hakuna anayejua. Hii ni aibu kwa fani yangu, siyo kwenu. Chombo cha kuweka kumbukumbu ya kila badiliko, Git, kipo tangu 2005 na ni cha bure. Hata kuzaliwa kwake ni funzo kwa kamati ya manunuzi: watengenezaji wa Linux, mfumo endeshi wa kompyuta wa bure, walikuwa wakitumia BitKeeper, programu ya kampuni ya kazi hiyohiyo, kwa ruhusa ya bure. Ruhusa ikaondolewa. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akakaa chini akaandika ya kwake. Yeye aliweza. Sisi mwenye mfumo akituondolea ruhusa msimu wa giza, tutakaa chini tuandike nini?

Halafu mfumo wenyewe, kwa nilivyouchungulia, umejengwa juu ya maktaba, yaani vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa, zaidi ya elfu moja za watu wengine. Sisemi kutumia maktaba ni vibaya, hakuna anayechonga mtumbwi kwa kuanza kupanda mti. Ila mwaka 2016 mtu mmoja aliondoa mtandaoni maktaba yake iitwayo left-pad, mistari kumi na moja tu, kazi yake kuongeza nafasi mwanzoni mwa neno, na miradi chungu nzima duniani ikashindwa kujengwa siku hiyo. Kwa hiyo nikiuliza ni nani anayezitazama hizo elfu moja zetu, naomba nisiambiwe napinga maendeleo.

Hapa niseme jambo la pembeni. Mshauri aliponikuta ninaandika kwa Vim, programu ya kuandikia msimbo, alicheka, akauliza kama naishi enzi za ukoloni. Vim ilitoka 1991. Ukiifungua bila faili, inakuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda, kwa sababu aliyeiandika, Bram Moolenaar, Mholanzi aliyefariki 2023, aliamua kwamba anayetaka kushukuru achangie kituo cha watoto cha Kibaale, wilaya ya Rakai. Rakai ni hapo ukivuka mpaka wa Kagera. Yaani programu hiyo anayoiona ya kale ilishayafahamu maisha ya ukanda huu wa Ziwa kabla ya mfumo wake wenye rangi saba. Nisamehewe, ila lilinikaa moyoni.

5. Nywila ya kila mwezi.

Makarani wanalazimishwa kubadili nywila kila siku 30, yenye herufi kubwa, ndogo, namba na alama. Matokeo yake, nywila imeandikwa kwa makapeni kwenye mbao za kila kibanda, na anayenunua dagaa anaisoma akisubiri chenji. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ambayo wataalamu wa usalama huifuata, iliachana na ushauri wa kubadilisha nywila kwa kalenda tangu 2017. Ibadilishwe ikihisiwa imevuja. Basi.

Sasa nijibu yatakayosemwa.

Litasemwa kwamba ninalilia programu yangu iliyotupwa. Kidogo ni kweli, uliyoiandika mwenyewe ni kama mtoto. Lakini ilikuwa na kasoro zake: haikuwa na sura, ripoti zake nilizielewa mimi peke yangu, na wiki moja ilichapa kila stakabadhi mara mbili. Siombi irudishwe.

Litasemwa kwamba siku hizi mtandao uko kila mahali, Mwanza imebadilika, hata daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025. Daraja ni zuri mno, tulioganda kwenye foleni ya kivuko tunajua. Lakini limevusha magari, si mtandao. Njooni kisiwani Kome usiku wa upepo mje na simu zenu.

Litasemwa kwamba fedha zimeshalipwa. Mvuvi akiuziwa nyavu mbovu haendelei kuzitupa ziwani kwa kuwa tu alizilipia.

Na litasemwa, maana limeshasemwa, kwamba akili mnemba itarekebisha yote haya. Naitumia. Inaniandikia majaribio ya programu, inanitafutia koma iliyopotea, inanipunguzia usingizi wa mchana. Ila nilipoipa kazi ya kufunga hesabu ya siku bila kuieleza tunaishi wapi, nayo iliifunga kwa UTC. Ilifanya kosa lilelile la mwenye mfumo, kwa sababu ileile: hakuna aliyeiambia kwamba kuna watu wanaofanya kazi saa nane usiku.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo, kwa mpangilio huu:

(a) Mayu na makarani wenzake warudishiwe fedha walizokatwa, na barua ya onyo iliyowekwa kwenye jalada lake iondolewe kwa maandishi. Hili lisisubiri lolote kati ya yanayofuata. Jedwali la hesabu ninalo, na mhasibu yeyote anaweza kulikagua kwa asubuhi moja.

(b) Hesabu ya siku ifungwe kwa saa ya Afrika Mashariki, au bora zaidi, kwa zamu.

(c) Mwenye mfumo apewe siku 60 kuuwezesha kuandika bila mtandao. Akishindwa, mkataba usihuishwe.

(d) Msimbo chanzo wote, pamoja na kumbukumbu zake, ukabidhiwe kwa taasisi. Data za wavuvi pia, majina na namba za simu zao, mtuambie zinatunzwa wapi na nani anazifikia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekuwa ikitumika tangu Mei 2023, hivyo siulizi kwa udadisi.

(e) Kabla ya kununua mfumo mwingine wowote, wajumbe watatu wa kamati wakeshe usiku mmoja wa giza mwaloni, wakiutumia kwa mikono yao wenyewe, mikono ikiwa imelowa. Nitaleta chai na makoti.

Nawaomba majibu ndani ya siku 30, na safari hii yawe zaidi ya muhuri.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwandishi wa programu (mkataba),
Kirumba, Mwanza.

Nakala: Mayu, simu K3. Hii nimeichapa kwa herufi kubwa, na jedwali lako lipo ukurasa wa nyuma. Umekatwa Sh 186,500. Unachodaiwa ni sifuri.